Baba na Mbega wa Kinole

Baba yangu anaishi Bigwa, chini kabisa ya Milima ya Uluguru, tangu alipokuwa kijana aliyekuja Morogoro kutafuta kazi ya kiwandani. Ukifungua dirisha la chumba chake unauona mlima umekaa hapo, asubuhi umejifunika wingu, mchana umejifunua. Miaka yote hiyo hakuupanda. Mtu akimuuliza alikuwa na jibu lake moja: "Kwani mlima una miguu? Upo tu. Nikipata nafasi nitakwenda." Sisi tulicheka, yakaisha. Siku hizi jibu lile nikilikumbuka naudhika, wallahi, na ninayemuudhikia zaidi ni mimi mwenyewe, kwa sababu nililisikia mara nyingi na kila mara nikaona mzee kasema kweli.

Aliyemtia hamu ya mlima ni mama, Mungu amrehemu. Mama alikuwa Mluguru wa Kinole, huko juu kwenye mananasi na mdalasini. Alipokuwa msichana walikuwa wakimtuma kulinda mahindi yasiliwe na nyani. Shamba la kwao lilikuwa la mwisho, ukilivuka unaingia msituni. Basi alikuwa akimsimulia baba habari za mbega, kwamba kukipambazuka na baridi kali wanatoka ndani ya msitu, wanapanda miti ya pembeni kuota jua, wamejikunyata na ule mgolole wao mweupe mabegani utadhani masheikh wanasubiri hotuba. Hawana wizi kama nyani, mama alisema. Wanakula majani yao, wanakutazama, wanaondoka zao. "Nitakupeleka ukawaone," alimwambia baba, na baba akashika ahadi.

Kinole baba alifika, tena mara nyingi, lakini alifika kama mkwe. Na mkwe kwa Waluguru hazururi. Mkwe anakaribishwa jamvini, anachinjiwa kuku, anajibu salamu akiwa ameinamisha macho, anaaga. Mashamba ya kule juu yalikuwa ya bibi yangu mzaa mama, maana kwetu ardhi inapita kwa wanawake, na kila asubuhi bibi alikuwa hukohuko na jembe lake, khanga ameipandisha magotini. Mkwe akatokee pale kutafuta mbega, amkute mama mkwe katika hali ile? Astaghfirullah. Baba alikuwa akimaliza kuku wake na kurudi Bigwa. Bibi alipofariki, mama akawa ameshaanza kuugua, na mambo ya mbega yakawekwa kando.

Mtu mwingine katika habari hii ni mtani wa baba. Ni jirani yetu, Mluguru, rika la baba, ua wa michongoma tu ndio unaotutenga naye. Baba ni Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu zamani za misafara ya kwenda pwani, na asiyekulia huku anaweza kudhani utani ni maneno ya kuchekesha tu. Utani ni wajibu. Mtani anakwambia lolote na wewe huna ruhusa ya kununa, na akikunyamazia ndiyo ujiulize umemkosea nini.

Yule mzee hakuwa na hodi. Alikuwa anaingia uani kwetu akipiga kelele: "Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kubeba tumbo lako mpaka juu ya Kinole limekushinda?"

"Nyinyi mnalima mmejifunga kamba kiunoni msije mkaporomoka," baba anamjibu bila kunyanyua kichwa. "Mimi kamba yangu naifungia mbuzi."

"Dada yetu umemuoa, maji yetu unakunywa, na mtoto mwenyewe ni wetu, wewe tumekuazima tu. Na bado mlima unaukimbia!"

Hapo kwa mtoto hakuwa anatania sana. Mtoto kwa Waluguru ni wa ukoo wa mama, ndiyo maana yeye namwita mjomba mpaka leo.

Siku ya msiba wa mama ndipo nilipomjua. Nyumba imejaa, watu wanalia, baba kakaa kwenye mkeka hasemi wala halii. Mjomba akaingia ndani, akatoka amevaa khanga ya mama, amejifunga kibwebwe, akamsimamia baba na kuanza kumgombeza kwa sauti ya mama kabisa: mkaa umekwisha, wageni wamejaa, na yeye amekaa tu kama bwana harusi! Kinamama wa jikoni walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilitaka kumrukia, maana nina hasira za karibu. Halafu nikamwona baba anacheka, machozi yanamtoka, ndiyo mara ya kwanza analia tangu asubuhi. Nikakaa chini.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mjini. Mlima nilianza kuupanda baada ya kumzika mama, na wenzangu wachache wa hapo kwenye vibaraza vya mafundi. Jumamosi tukifunga mapema tunakwenda, mara upande wa huku Bigwa, mara tunazunguka mpaka Mlali, tunapita kwenye vijito, tunakula machungwa tuliyonunua njiani. Jamani, nilikuwa nimekulia pale na sikujua kitu! Nilimwona hondohondo anapita juu yetu, mabawa yakivuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilimwona kinyonga mwenye pembe puani, mwenzangu mmoja akakimbia hadi akaacha kiatu. Na siku nilipowaona mbega, nilipiga kelele, wakaruka wote, manyoya meupe yakipepea nyuma yao, na wenzangu walinisema njia nzima ya kurudi.

Nikifika nyumbani namwonyesha baba picha kwenye simu. Anaishika, anaisogeza mpaka karibu na pua, anaigeuza. "Hiki cheupe ndio mkia?"

"Hicho ni kidole chako, baba."

Tunacheka. Nilidhani ni simu yangu ina kioo kibovu. Nikawa namwambia, tutakwenda baba, uwaone wenyewe, na yeye ananiambia mlima hauna miguu. Laiti ningalimvuta mkono siku ile ya kwanza! Miguu yake ilikuwa mizima, njia haikuwa na tope, mimi nilikuwa nakwenda karibu kila Jumamosi. Lakini nilizoea kwenda na wenzangu, tunatembea haraka, na nilijiambia mzee atatuchelewesha. Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Daktari alieleza vizuri, hakuwa na haraka: kilichopotea hakirudi, dawa ya matone itachunga kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Baba alishukuru, akavaa kofia, tukatoka. Jioni, wakati mjomba amekuja kumtania kwamba sasa ataanza kuoga nyumba ya jirani, baba akamkatisha.

"Mtani, nataka nimwone mbega," akasema. "Kabla haya macho hayajazima. Ndege siwezi tena, kinyonga siwezi. Lakini mbega ana weupe. Ule weupe hata jicho bovu litauona."

"Nitakupeleka mwenyewe," mjomba akasema. "Nikakutupe huko, wakulee."

Basi kazi ilikuwa hiyo tu. Si kazi ngumu. Kinole si mbinguni, unaondoka alfajiri na magharibi umerudi kwako. Na bado tulishindwa. Mfungo ulikuwa umekaribia, baba akasema hawezi kupanda mlima na swaumu. Idi ikapita, masika ikashika, barabara ikawa uji. Mvua zilipokatika mjomba akapatwa na homa, na bila mjomba baba hakutaka kwenda. Mjomba akapona, akaanza kuvuna. Nami nikasema, tungoje kidogo, na kidogo hiyo ikatufikisha kwenye msimu wa sare za shule, ambapo fundi hata kula anakula akiwa amesimama. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ingekuwa uzembe mtupu ningejua wa kumlaumu.

Na baba mwenyewe alituficha. Nyumba alikuwa ameikariri, mlango ulipo, mtungi ulipo, kizingiti kilipo. Msikitini alikwenda na kurudi bila kujikwaa. Ukimuuliza macho, anasema, "Naona, naona." Matone anatia kila siku, hakosi. Aliyegundua ni mjomba, kwa sababu ya bao. Alikuja kibarazani kwangu mchana mmoja, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Baba yako kete anazipapasa utadhani anachagua nyanya sokoni," akaniambia. "Jana nimemwibia kete hakuona. Nikamwibia tena, akanishukuru kwa mchezo mzuri. Mpwa wangu, tumpeleke huyu mtu mlimani, la sivyo nitatajirika kwa dhambi."

Alikuwa anacheka, na mimi nilicheka, halafu nikaweka mkasi chini. Nikawaambia wateja sare zao watanisamehe. Jumamosi ileile tukaondoka.

Pikipiki zilituacha Kinole jua halijatoka. Kulikuwa na baridi na harufu ya mdalasini, watu walikuwa wameanika magome yake barazani tangu jana. Baba alisimama akavuta pumzi. "Hapa nilikula kuku," akasema, akanyoosha fimbo kule kule ilikokuwa nyumba ya bibi. Nikafurahi moyoni. Nikasema kumbe bado anaona.

Tukaanza kupanda. Baba alikataa kushikwa. Mjomba akatangulia, na mdomo wake haukufungwa hata kidogo. "Mnyamwezi, jiwe hilo la kushoto, usilipige teke, ni la ukoo wetu." Tunapita. "Hapa pana mtelezo, wakwe zetu wote wameanguka hapa, angalia usiwe wa mwisho." Tunapita. "Nyanyua mguu, mzizi huo, umekaa hapo unangoja watu wa Tabora." Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anamwongoza kila hatua, tena mbele yangu, na hakumvunjia heshima hata mara moja. Baba alikuwa anajibu mapigo, anahema, anacheka. Mama mmoja aliteremka na mkungu wa ndizi kichwani, tukamwamkia, akatuuliza wazee hawa wanakwenda wapi. "Kuposa," mjomba akasema. "Huyu amechoka kukaa peke yake, tunampeleka kwa mbega." Yule mama alicheka mpaka ilibidi ashike mkungu kwa mikono miwili.

Shamba la mwisho sasa analilima binamu yangu, amepanda migomba na maharage. Tulikaa kwenye gogo pembeni, msitu umesimama mbele yetu, na ukungu mzito haukuturuhusu kuona hata huo mti wa kwanza. Tukanywa chai ya chupa. Baba alikuwa amefunga shuka mabegani, amekaa wima, mikono juu ya fimbo, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Aliuliza mara kwa mara, "Wametoka?" Nikawa namwambia bado baba, ukungu, na sote hatuoni. Ule ukungu niliupenda, Mungu anisamehe, kwa kuwa ulitufanya wote watatu tuwe sawa.

Kisha tukawasikia. Mbega akilia si kama nyani, ni sauti nzito ya kukoroma, inaanza kwa mmoja wanaitikia wengine, inazunguka bonde zima. Baba alinishika goti. Vidole vyake vilinibana hadi nikaumia.

Ukungu ukafunguka upande wa kulia, na hao wakatokea! Juu ya mti mkubwa, karibu zaidi kuliko nilivyowahi kuwaona. Wamekaa kwenye matawi wameelekea jua, migongo myeusi, yale manyoya marefu meupe yamewaangukia ubavuni, mikia inaning'inia. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani, na mtoto wa mbega anazaliwa mweupe mwili mzima, kama pamba. Nilisahau kunong'ona. "Baba! Wale! Wale pale, baba!"

Baba alikuwa ameshageuka. Aligeukia kushoto. Kushoto ilikuwa migomba ya binamu yangu, na ukungu uliobaki umeikalia.

"Nawaona," akasema.

Uso wake ulikuwa umefunguka, anatabasamu kwa ile migomba.

"Nawaona, mwanangu. Wamejikunyata. Na mgolole wao mweupe. Wamekaa kama masheikh, mama yako alisema kweli."

Yalikuwa maneno ya mama, neno kwa neno. Nilimtazama mjomba. Nilijua linakuja, maana mtani gani anaachia nafasi kama ile? Mnyamwezi anaitazama migomba anaona masheikh! Mwaka mzima angekula kwa utani huo. Nilimwona amefungua mdomo, na mimi moyoni namwomba, mjomba tafadhali, leo tu. Akatazama mbega, akamtazama baba, akafunga mdomo.

"Ndio hao, mtani," akasema taratibu. "Wazuri sana."

Nilimshukuru Mungu. Nikaona amefanya jambo la utu, na ningeweza kumkumbatia palepale. Baba alitikisa kichwa mara kadhaa, akaendelea kutazama kule kushoto mpaka mbega walipoanza kurudi ndani, mmoja mmoja, yule mwenye mtoto akiwa wa mwisho. Nikasema, "Wanaondoka, baba." Akasema, "Haya. Waende salama."

Kuteremka mjomba alikuwa kimya. Nikachukua kazi yake, nikawa nasema jiwe baba, mzizi baba, na kwa mdomo wangu yakawa maneno ya kumwongoza kipofu tu. Baba alijikwaa mara mbili. Tulipofika kwenye tambarare kidogo, juu tu ya nyumba za Kinole, akasema tupumzike. Nikanunua nanasi kwa msichana mmoja, nikawa nalimenya.

"Mtani," baba akasema.

"Naam."

"Nilipomzika mke wangu ulinitania."

Mjomba akainama kuokota maganda ya nanasi.

"Nilipoanza kupapasa kete ukanitania, tena hadi kwa huyu mtoto, usidhani sijui. Asubuhi umenitania mlima mzima. Leo nimegeuka kutazama, sijui nimegeukia wapi, wewe umeniambia 'wazuri sana'." Baba alikuwa anaongea polepole, hana hasira. "Hapo ndipo nilipojua sikuona kitu. Nilikuwa nadhani labda ule weupe ndio wao."

Kisu kilinisimama kwenye nanasi.

"Nitanie basi," baba akasema. "Usiniache hivi."

Mjomba alifuta uso kwa mkono wa shati. Alikohoa. Alianza, akashindwa, akaanza tena, na sauti ikamtoka imekwaruza. "Migomba," akasema. "Ulikuwa unaikodolea macho migomba, Mnyamwezi we. Umetoka Bigwa alfajiri yote hii kuja kuwaamkia masheikh wa ndizi."

Baba alicheka. Alicheka kweli, kile kicheko cha tumboni, mpaka fimbo ikamdondoka, na mjomba akacheka pamoja naye, wote wawili wameshikana mabega, na yule msichana wa mananasi anawashangaa. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafikiria zile Jumamosi zote nilizopita mlangoni kwake na viatu vyangu vya kupandia, naaga, nakwenda.

Kicheko kilipokwisha baba alijipangusa macho kwa ncha ya shuka.

"Na wao walikuwa upande gani?" akauliza.

Mjomba akamshika mabega, akamgeuza taratibu, akamwelekeza juu tulikotoka. Wingu lilikuwa limeshashuka tena, hata mimi sikuona msitu.

"Kule," akasema. "Kulia kidogo. Hapo hapo."

Baba akasimama ameelekea huko, kofia ameivua, na sisi tukamwacha atazame.